Bao la Ugenini

Mwanzoni mwa Juni 2023 tangi la nyumba yetu lilikauka, na kilicholikausha ni kanuni ya mpira wa miguu. Bomba lilikuwa linatoa maji, ila ni lile la chini karibu na barabara. Sisi wa Igogo ya juu, tuliojenga mgongoni mwa mawe, ziwa tunaliona lote mpaka Bandari ya Kusini ilikokuwa inaundwa meli ya MV Mwanza, lakini maji ya kupikia tunayapandisha kwa dumu.

Nyumba yetu ina Yanga mmoja, Simba mmoja, na mimi. Yanga ni mume wangu, Baba Neema. Simba ni mdogo wake, Deus, anayesoma chuo upande wa Nyegezi na kuichezea timu ya chuo namba sita. Mimi ni Pamba ya hapa Mwanza. Marehemu baba ndiye aliyenirithisha TP Lindanda hiyo, mwaka 1990 tulipochukua ubingwa wa ligi, na mwaka ninaousimulia timu ilikuwa bado inahangaika nje ya Ligi Kuu. Kwa hiyo kelele za Simba na Yanga huwa nazitazama kama harusi ya jirani: pilau nakula, mchango sidaiwi.

Jumapili ya Mei 28, kwenye mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger ya Algeria, Uwanja wa Mkapa. Fiston Mayele alisawazisha dakika za lala salama, mtaa mzima ukaanza kupiga masufuria, na kabla masufuria hayajarudi jikoni Waarabu wakatia la pili. Ilibaki marudiano Algiers, Jumamosi ya Juni 3.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa naparua sato uani, ndugu wawili wakanijia niwe shahidi. Baba Neema akasema, "Yanga akishinda, Deus anachota maji wiki nzima. Akishindwa, nachota mimi." Wakapeana mikono. Mikono yangu ilikuwa imejaa magamba, nikaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeuliza: akishinda mechi, au akishinda kombe?

Unajua kilichotokea. Djuma Shabani alifunga penalti mapema kabisa, Baba Neema akatoka mbio kushangilia gizani na kupiga kidole gumba kwenye jiwe ambalo ameishi nalo miaka yote. Kipindi cha pili Waarabu nao wakapata penalti, kipa wetu Djigui Diarra akaipangua. Mpira ukaisha 1-0. Baba Neema, mguu mmoja juu, akamnyooshea Deus dumu la njano. "Kesho alfajiri!"

Deus hakulishika. Alikuwa anatazama runinga, ambako wenyeji walikuwa wanarukaruka kwa furaha. "Kaka," akasema taratibu, "mbona kombe wanalibeba wao?"

Hesabu ni nyepesi, machungu ndiyo mazito. Jumla ilikuwa 2-2. USM Alger walikuwa wamefunga mawili ugenini, Yanga moja. Jumla ikilingana, mwenye mabao mengi ya ugenini ndiye anayepita, basi. Yanga ilishinda usiku ule na ikarudi nyumbani na medali za mshindi wa pili. Baba Neema akashika la kushinda mechi, Deus akashika la kukosa kombe, na dumu likalala mlangoni.

Kilichonichekesha ni namna walivyobadilishana maneno. Agosti 2019 Simba ilitoka sare ya bila kufungana na UD Songo kule Msumbiji, ikaja kutoka 1-1 Dar es Salaam, ikatolewa kwa kanuni hiyohiyo. Deus, akiwa bado sekondari, alisusa ugali. Baba Neema alimsimamia kichwani: "Sheria mlikuwa mnaijua tangu mwanzo, mnalia nini?" Sasa sheria ileile imegeuka wizi wa mchana kweupe, na Deus amegeuka wakili wake. Nilimkumbusha Baba Neema maneno yake ya 2019. Akaniambia mimi ni Pamba, mambo ya kimataifa hayanihusu.

Jumapili nzima ilikuwa bunge. Deus akawa anasoma kwenye simu kwamba kanuni hiyo ilianza Ulaya msimu wa 1965/66, kwa sababu timu zikisafiri zilikuwa zinajaza watu golini na kuombea sare, na kwamba kabla yake mambo yaliweza kuishia kwenye bahati nasibu. Mwaka uleule wa 1965 Liverpool na Köln walimaliza mechi tatu hawajapata mbabe, mwamuzi akarusha kidude chenye rangi mbili, na mara ya kwanza kikasimama wima kwenye tope. Kikarushwa tena, Liverpool wakapita. "Bora hata kidude!" akasema Baba Neema, halafu akaichukua simu na kugundua kwamba UEFA yenyewe iliifuta kanuni hiyo Juni 2021. Alisherehekea hilo kuliko bao la Shabani. "Wenye kanuni wameitupa, Afrika tunavaa mitumba!"

Hapo nilimpinga, ingawa sikuulizwa. Wazungu waliifuta kwa kuwa kusafiri kwao si taabu tena kama zamani, na kwa kuwa wenyeji wa mechi ya kwanza walikuwa wanaogopa kushambulia wasije wakafungwa. Sababu ya pili naielewa, maana kanuni inayomfanya mtu ajifungie ndani ya nyumba yake ina kasoro. Ile ya kwanza haijafika kwetu. Timu ya huku inaweza kuunganisha ndege mbili tatu ili ifike mji wa bara hilihili, na ikifika inalala hoteli iliyozungukwa na mavuvuzela. Bao lililofungwa baada ya safari ya namna hiyo lina jasho lake. Baba Neema akanitazama kwa huzuni ya mtu aliyesalitiwa chumbani kwake. Maji yalikuwa yamebaki robo tangi.

Jumatatu Deus alirudi kutoka chuoni akiwa amenuna. Timu yao ilikuwa imeshinda mechi ya kuingia nusu fainali ya mashindano ya vyuo, wapinzani wakakata rufaa, ikabainika kwamba beki wa kati alihitimu mwaka uliotangulia na anacheza kwa kitambulisho cha mdogo wake. Mamluki. Wakanyang'anywa ushindi. "Tumetoka jasho watu kumi na mmoja, kosa ni la mmoja, tunaadhibiwa wote! Hiyo ni haki?"

Baba Neema alipona kidole papo hapo. "Kwani sheria mlikuwa hamuijui?"

Mamluki hawakuanzia vyuoni. Aliyewahi kutazama UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, anamjua yule mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye ndevu, anayepigiwa simu na mkewe wakati wa mapumziko. Kupokonywa ushindi ni adhabu kali, na inamwangukia hata kipa aliyesajiliwa kihalali, lakini sioni njia nyingine. Katika timu nzima, nani hakujua kwamba beki wao alishavaa joho? Ningekuwa mimi, ningeanza na mwalimu wa michezo aliyeandika jina lile. Deus akakubali la mwalimu, la kipa akalikataa, na kwa hasira akaoga maji yote yaliyobaki.

Jumanne mama mkwe akashuka kutoka Nansio, na kapu la machungwa ya Ukerewe na jogoo kwapani. Nikapiga goti, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikaenda kumtengea maji ya kuoga. Tangi likatoa tone moja na mjusi. Nilimtuma Neema dukani mbio akaleta maji ya chupa, na mama mzaa chema akaoga maji ya kunywa. Alipotoka akaulizia, nikamwambia ukweli wote. Wanawe walikuwa wanatazama dari.

Akawasikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo bao la mgeni linahesabiwa mawili?"

"Hapana, mama," Deus akamfafanulia. "Yanaangaliwa mkilingana tu. Msipolingana hayana kazi."

"Ahaa," akasema, akamenya chungwa.

Alfajiri niliamshwa na vigelegele. Nikatoka na khanga moja. Mama mkwe alikuwa katikati ya ngazi za mawe, dumu la lita 20 kichwani, mkono mmoja kiunoni, anapanda bila kuhema, na majirani wamejipanga kila upande wakipiga kelele, "Goli la mama! Goli la mama!" Msimu ule Rais Samia alikuwa ananunua kila bao la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, na neno hilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu.

Wanawe wakamwagika nje, mmoja na bukta, mwingine na taulo. "Mama, tua! Mama, utatuaibisha!" Huyu akashika mpini, yule akashika kitako, kila mmoja akitaka aonekane yeye ndiye aliyempokea. Dumu likawaponyoka. Likagonga jiwe la kwanza, mfuniko ukaruka, likashuka linazunguka na kutema maji, likaruka ukuta mdogo wa jirani yetu muuza maandazi na kutua ndani ya beseni lake la unga uliokwisha kuumuka. Yale maandazi ndiyo kifungua kinywa cha wapakia mizigo wa bandarini. Sitayaandika hapa maneno aliyoyasema.

Unga ulilipwa. Kabla ya kulipwa, palizuka kesi mpya.

"Aliyeachia ni wewe," akasema Deus.

"Aliyevuta ni wewe," akasema Baba Neema. "Na tena dumu lenyewe ni lako tangu Jumamosi."

Mama mkwe akakaa juu ya jiwe, akakaza khanga yake. "Nyie tangu Jumamosi mmechota madumu mangapi?"

Kimya.

"Huyu sifuri, na huyu sifuri. Si mmelingana?" Wakaitikia. "Na mimi hapa ni mwenyeji au mgeni?"

"Mgeni, mama," wakasema pamoja.

"Basi langu la ugenini linatosha. Mtachota wote wawili, asubuhi na jioni, mpaka nitakapoondoka."

Deus alianza kusema kwamba dumu lenyewe halikufika tangini, hivyo kisheria bao halikuvuka mstari. Kaka yake akamkanyaga, kwa kidole kilekile kibovu, akapiga yowe yeye mwenyewe. Jioni tangi lilifika nusu. Baba Neema akaja kukaa karibu na mama yake, akamsifia machungwa, akauliza kwa upole meli ya kurudi Nansio anaipanda lini.

Mama mkwe akamuuliza ligi ya msimu ujao inaanza lini.

"Agosti."

"Basi nasubiri ianze," akasema, na kumwagiza Deus dumu lingine.