Kiwele na Ukulele

Mzee wa Nyeri hanunui ng'ombe wa maziwa bila kumzunguka, kumpapasa kiwele na kuuliza mama yake alikamuliwa lita ngapi. Ila binti akiomba ukulele, lile gitaa dogo, analetewa kidude cha plastiki chenye picha ya pomboo. Nyuzi nne tu, na zimelegea kabla matatu haijatoka Karatina. Kisha eti mtoto hana kipaji!

Mzee wangu, ukulele nayo ipapase. Kaza nyuzi uone kama vigingi vinashika. Pitisha kidole kandokando ya shingo, vyuma vinavyoikatiza visikukwaruze. Bonyeza uzi kwenye chuma cha 12: utoe sauti ileile ya uzi mtupu, oktava moja juu. Bei? Jumamosi unamtunza mpiga gitaa wa mugithi bila kuhesabu noti. Wiki hii mtunze wa nyumbani.