Bwana Mkubwa Hataki Kofia

Jamani wa Tanga! Huku Trondheim, Norwei, mjukuu wenu ni mzima, anakula vizuri na sauti anayo, ila hataki kuvalishwa kitu. Mama yake amegeuka fundi wa kufuma bila kupenda, na mteja wake ni mmoja tu: bwana mkubwa wa miaka miwili, asiyelipa na asiyeridhika.

Baridi si ya kusingizia. Mwezi Desemba jua huchomoza kama saa nne asubuhi, na saa nane na nusu mchana limeshazama. Hata hivyo chekechea za Norwei huwatoa watoto nje kucheza kila siku, inyeshe mvua au ianguke theluji, na wadogo wengi hulazwa usingizi wa mchana huko huko nje, ndani ya vigari vyao. Bibi alipoelezwa hilo kwenye simu, aliomba namba ya ustawi wa jamii.

Mama alianza na kofia ya sufu ya bei nafuu. Kijana aliivaa, akajikuna, akaizamisha kwenye supu. Wafumaji wenyeji wakamweleza mama sababu: unyuzi mnene wa sufu ukigusa ngozi husimama na kuchoma, bali ule wa kondoo wa merino ni mwembamba, hupinda, hauwashi. Kofia ya merino ikakubaliwa. Kisha baba mtu, kwa nia njema kabisa, akaifua kwa mashine katika maji ya moto. Unyuzi wa sufu una magamba madogo madogo. Yakipata joto na msukosuko hung'ang'aniana yasiachane tena. Kofia ilitoka inamtosha mwanasesere.

Skafu haikupata hata nafasi ya kukataliwa. Walimu hawataki kitu kirefu shingoni, kisije kikanasa kwenye bembea. Badala yake hufumwa mzingo mfupi unaopitishwa kichwani.

Vita yenyewe iko mikononi. Kumvisha mtoto huyu glavu ya vidole vitano ni sawa na kumvisha pweza soksi. Wenyeji hutumia glavu za mfuko: gumba lina chumba chake, vidole vinne vinalala pamoja na kupashana joto. Tena zina historia. Mwaka 1857 msichana Marit Guldseth na dada zake waliingia kanisani Selbu, kusini-mashariki mwa Trondheim, wamevaa glavu zenye nakshi nyeusi na nyeupe, pamoja na nyota ya ncha nane. Watu wakaziiga, na baadaye zikawa biashara ya eneo zima. Mama naye akafuma nyota hiyo, usiku baada ya usiku. Kijana akaitazama, akasema, "Mdudu!" Akalia.

Nyota ikafumuliwa. Glavu za sasa ni za manjano matupu, zina mkono mrefu unaokaribia kiwiko na kufichwa chini ya koti. Anazivuta, hazitoki.

Tumesikia Bibi anamshonea kofia ya vitobo. Kofia hiyo husifiwa kwa kupitisha upepo kichwani, na huku upepo haujaalikwa. Bibi, endelea kushona, ila iongeze upana kidogo, ataivaa akija Tanga Julai. Mzigo wa mwezi huu tutilieni dagaa.