Dira Mpya ya Tabora: Muhadhara wa Bingwa Chini ya Mwembe

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye bado hajafika. Wazee wangu wa Unyanyembe. Akina mama lishe. Vijana wa bodaboda. Na wewe fundi baiskeli ambaye nimeambiwa hapa ndipo ofisini kwako: mwangaluka! Itifaki imezingatiwa.

Tungekuwa ukumbini, lakini umeme umekatika, na ukumbi wenyewe ni wa vioo kuanzia chini hadi juu, kwa hiyo hakukaliki. Nimekubali kwa shingo upande kuhutubia chini ya mwembe. Hili waandishi wasilinukuu. Mwembe huu ndio wa kwanza kwenye orodha yangu ya miti itakayoondolewa, na si kawaida yangu kukaa na mtuhumiwa kabla ya hukumu.

Nijitambulishe. Mimi ni mbunifu wa mandhari, mpangaji wa miji, mshauri mwelekezi wa maendeleo endelevu, na rafiki wa mazingira kitaaluma. Semina nilizohudhuria hazina idadi. Singapore nimeiona kwa macho yangu, kupitia dirisha la ndege. Na katika kusoma kwangu nimefikia fasili ambayo sijaikuta kitabuni: mandhari ni sura ya nchi baada ya kukutana na mkandarasi.

Sasa tuone balaa lililowapata kwa kukosa mkandarasi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa kilomita 1,200 hivi, na Tabora ndiyo njiapanda yake: mmoja akienda Ujiji, mwingine akipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha UNESCO, ikaingia kwenye orodha ya awali ya maeneo yanayosubiri kuitwa Urithi wa Dunia, na Kwihara yenu ikatajwa miongoni mwa vituo. Nimeipita njia hiyo kwa gari lenye kiyoyozi, vioo nimepandisha, na nasema bila kumung'unya maneno: haina mbunifu. Haina upembuzi yakinifu. Haina jiwe la msingi. Nani aliizindua? Hajulikani.

Ilichorwa na miguu! Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwisha frasila mbili, kilo 32 hivi, za pembe au vitambaa, akaondoka alfajiri nyuma ya kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, na kabla jua halijakaa utosini mzigo ulishatuliwa. Ulituliwa wapi? Penye maji na kivuli. Basi, hakuna kigezo kingine. Watu wanachagua mahali pa mji kwa kulisikiliza bega linalouma, wakati sisi wataalamu tunatumia setilaiti. Pasipokuwa na maji wala kivuli walipita mbio, wakapapa jina la kuwaonya wanaokuja nyuma: vile vichaka vya ukame baada ya Ugogo, kabla hujafika Tura, wakaviita Mgunda Mkali. Huo ndio ulikuwa ubao wao wa tahadhari, jina tupu, bila hata nembo ya mfadhili.

Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani hapa hapa, Novemba. Walipokewa na mfanyabiashara wa Kiarabu Snay bin Amir, wakakuta nyumba za tembe na bustani za mboga, wakapumzika wiki kadhaa. Wageni wanafika wakiwa hoi, wanapata ubaridi na mchicha, wanapata nafuu. Na katika yote hayo hakuna aliyeandika taarifa ya tathmini.

Naomba kiti changu kisogezwe, jua limenifikia. Asante, kijana.

Mnaona wenyewe. Kivuli cha mwembe hakina nidhamu. Asubuhi kiko kwa muuza karanga, saa sita kimerudi kwa fundi, jioni kimevuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Kivuli cha kisasa hukaa pale mkandarasi alipokiweka.

Na makosa ya mwembe hayaishii hapo. Kwanza ni mgeni, asili yake Asia ya Kusini, umekuja kwa bahari. Pili haujui majira: ikifika Agosti miyombo huko porini inapukutika majani, wenyewe umevaa kijani kama mtu aliyealikwa harusini peke yake. Mzizi wake mkuu umezama chini kutafuta maji bila kibali cha kuchimba kisima. Halafu Novemba, ghala liko tupu na mahindi ndiyo kwanza yanapandwa, unaanza kuangusha chakula barabarani. Bure! Mtoto anatoka shule, anaokota dodo, anafika nyumbani ameshiba. Niambieni, mwekezaji gani ataleta mtaji kwenye mji ambao barabara inalisha watoto?

Mtaniambia miembe ya njia ya misafara ilijiotea tu, kwamba wapagazi walikula wakatupa makokwa. Wengine mnasema hapana, Waarabu walipanda kwa makusudi. Mimi nimelichunguza kokwa lenyewe, nikapatwa na hasira. Kokwa la embe si punje ya mtama ya kuweka kibuyuni ukapanda mwakani. Likikauka limekufa, na halichukui miezi kukauka. Msafara ulitumia miezi kutoka pwani hadi Kazeh. Kwa hiyo embe lililoliwa Bagamoyo, kokwa lake halikufika hapa likiwa hai. Maana yake ni nini? Maana yake mtu alipanda kwenye kituo cha karibu, mti ukamaliza miaka mitano, sita, ukazaa, mwingine akala pale akapanda mbele, mti ukasubiriwa tena. Au basi kuna aliyebeba mche mbichi njia nzima na kuunyweshea maji yake ya kunywa. Huo ni mradi wa awamu kwa awamu, uliovuka nusu ya nchi, uliosimamiwa na watu wasiofahamiana, wengi wao wakijua kivuli hicho hawatakikalia. Na hakuna hata mmoja aliyelipwa posho ya kikao! Hii ni kuidhalilisha taaluma.

Treni ilipofika Tabora mwaka 1912, wapagazi walipoteza kazi. Miembe haikupoteza. Hata leo tazameni hapa: fundi anaziba pancha, kinyozi ametundika kioo kwenye tawi, wazee wanacheza bao, mama anapakua wali maharage, na shina lina makovu ya misumari ya matangazo ya vikao tangu enzi za vyama vya ushirika. Biashara tatu na mahakama moja ya wazee, na hakuna anayeulipa mwembe kodi ya pango. Mimi naita hali hiyo uvujaji wa mapato.

Dawa ninayo. Mitende ya mapambo 200, imepangwa mistari miwili, kila mmoja kwenye duara lake la zege, na chini matofali ya pevingi, rangi nyekundu na kijivu. Kivuli cha mtende wa aina hiyo kinamtosha mtu mmoja, mwembamba, akisimama wima. Uzururaji utakwisha wenyewe.

Wenzetu wa Singapore wamekwenda mbali zaidi. Wamesimamisha miti 18 ya chuma, mirefu kati ya mita 25 na 50, wakaizindua mwaka 2012, na mingine ina paneli za sola kichwani. Kwa kuwa chuma hakioti, wakaipandisha mimea ya kweli ubavuni ili ifanane na mti. Huo ndio ubunifu! Ninyi mmeanza na mti wenyewe, mkajinyima safari yote ya kuufikia.

Mzee wa baraghashia, nakuomba, maswali ni mwishoni.

Nije kwenye mvua. China, kwa kumsikiliza msomi wao Yu Kongjian na wenzake, ilianza mwaka 2015 kuijaribu kwenye miji 16 dhana ya mji sifongo: wanaondoa zege, wanarudisha udongo na madimbwi na majani, ili mvua inywewe na ardhi badala ya kuingia vyumbani. Nimeipenda dhana hii hadi nimekosa usingizi. Tatizo ni kwamba uwanja wenu huu ni mchanga, na umekuwa ukinywa mvua ya Desemba tangu enzi za Mtemi Mirambo. Huwezi kuondoa zege ambalo hukulimwaga! Kwa hiyo mpango wangu una hatua mbili. Mwaka huu tunamwaga zege uwanja mzima. Mafuriko yakishapatikana, tunaomba mkopo wa kulitoboa.

Dira yangu ina nguzo 14. Ya kwanza mmeshaisikia. Ya pili hadi ya tisa zimo kwenye flashi, na flashi inasubiri umeme.

Ya kumi nitaigusa kwa ajili ya kuikataa. Majirani zetu wa Shinyanga, chini ya mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, walifufua ngitili, yaani kulitenga eneo, mifugo isiingie, nyasi na miti ijirudie yenyewe. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudi, na mwaka 2002 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sawa, hongera. Lakini kazi kubwa ya mradi huo ilikuwa kuacha. Unaandikaje ankara ya kuacha?

Kuhusu tembe la Kwihara, ambamo Stanley na Livingstone walikaa mwaka 1872 na ambalo sasa ni makumbusho: kuta za udongo, nene, ua katikati, paa bapa la udongo. Stanley aliondoka Machi, Livingstone akabaki kusubiri wapagazi hadi Agosti, bila feni. Jua la Tabora linaukuta ukuta ule asubuhi, linachoka kabla halijafika ndani. Napendekeza upande wa magharibi uwekwe vioo.

Najua kuna jambo zito mnalosubiri niligusie. Njia hii haikupitisha pembe na vitambaa peke yake. Ilipitisha watu wamefungwa minyororo, na baadhi ya pembe zilifika pwani juu ya mabega yasiyokuwa na hiari. Nimelifikiria kwa kina. Huzuni haiendani na utepe wa uzinduzi. Kwa hiyo pale njiapanda tutaweka sanamu ya tembo anayetabasamu, pembe zake zote mbili mahali pake, na herufi kubwa nyekundu za kupigia picha. Mtalii akiuliza pembe zilikwenda wapi, tutamwonyesha kwamba zipo.

Maswali sasa. Mama lishe, karibu. Anauliza mitende itanyweshwa na nani wakati wa kiangazi. Swali zuri, mama yangu, na linaonyesha mmeanza kuelimika. Hadi siku ya uzinduzi itanyweshwa na mkandarasi. Baada ya hapo tunaingia kwenye ushirikishwaji wa jamii. Maji yapo, yanakuja kwa bomba kutoka Ziwa Victoria, na bili itasomwa kwenye mita zenu. Kila mtende ndoo mbili asubuhi na mbili jioni, Mei hadi mvua ya kwanza. Zamu zitapangwa na mtendaji wa mtaa, na ndoo kila mtu aje na ya kwake.