Hela Imeota Uyoga

"Shemeji, hela yako imeota uyoga."

Aliyasema hayo mbele ya wageni wote, wali bado uko sahanini, na kile kicheko bado nakisikia ninapopiga mswaki. Nilikuwa nimekwishasafisha koo na kuanza hotuba: heller 20 ya mwaka 1916, sarafu ya Wajerumani walipokuwa wakitutawala, imegongwa kwenye karakana ya reli pale Tabora, Vita Kuu ya Kwanza imepamba moto, Waingereza wameziba bahari, Wajerumani hawapati sarafu kutoka kwao, basi wakachukua shaba na maganda ya mizinga wakajipigia pesa wenyewe. Hotuba ilikuwa inakwenda vizuri. Nilikuwa nakaribia mgodi wa Sekenke, kwenye dhahabu iliyotoa ile rupia 15 yenye tembo, ndipo shemeji, ambaye haamini kitu kisichoingia chaji, akamulika tochi ya simu yake. Kando ya taji, vidoa vya kijani. Kufika magharibi jina langu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa Mzee Uyoga, na kuna mtu kabandika picha ya supu.

Sasa nisikilizwe. Sarafu hiyo haikuwa imetupwa kwenye droo na vifungo vya mashati. Imo ndani ya kisanduku cha plastiki ngumu, imepimwa Marekani, ikapewa daraja la 62, rangi ya kahawia. Madaraja hayo huanzia 1 na kuishia 70, na asili yake ni kitabu cha mwaka 1949 cha William Sheldon, mwanasaikolojia aliyekuwa akiwagawa binadamu kwa maumbo ya miili yao, kisha akahamishia upimaji wake kwenye senti za shaba za Marekani. Baada ya kufa kwake ikabainika kwamba alikuwa akichukua senti nzuri za American Numismatic Society na kuwaachia zake dhaifu. Huyo ndiye aliyetupa kipimo.

Kisanduku ukikitazama utaapa hakipitishi hata harufu. Kumbe kinapumua. Mchana joto linapanda, hewa ya ndani inatanuka na kujipenyeza nje kwenye maungio. Usiku kukipoa, hewa nyingine inavutwa ndani. Na hewa ya usiku huku kwetu Pwani, hasa masika, ni ile inayogeuza chumvi ya mezani kuwa donge na kuuvimbisha mlango wa kabati mpaka upigwe bega. Inaingia na chembe za chumvi ya bahari, na hapo ndipo mambo yanaponoga. Klorini iliyomo katika chumvi inashikana na shaba na kufanya kitu cheupecheupe, kimya, hakina ubaya. Kikikutana na unyevu na oksijeni kinageuka unga wa kijani, na katika kugeuka kinazaa asidi. Asidi hiyo inaila shaba iliyo chini yake, inapatikana klorini-na-shaba mpya, inageuka, inazaa asidi nyingine. Ni mkopo wa mtaani: unalipa riba, deni liko palepale. Sanamu za shaba zilizokaa kaburini miaka elfu mbili zikiwa salama huweza kuanza kuliwa zikishafika makumbusho, kwa sababu tu zimeonjeshwa hewa. Dawa ni ukavu. Bila unyevu mnyororo wote unasimama. Nilimweleza shemeji haya yote, kwa utaratibu, hadi kwenye asidi. Akauliza kama pilipili ipo.

Madini ya fedha nayo yana mambo yake. Yenyewe adui yake ni salfa, iliyomo kwenye mipira ya kufungia noti, kwenye sufi, kwenye baadhi ya karatasi na maboksi. Salfa ikishikana na fedha hufanya utando; ukiwa mwembamba sana mawimbi ya mwanga yanaingiliana humo na sarafu inatoa rangi za dhahabu, zambarau na samawati, na wapo wanaolipia rangi hizo pesa ndefu. Ukinenepa, ni nyeusi tu. Yaani kutu ile ile, mapema ni urembo, baadaye ni hasara.

Nami nimejaribu kuikausha sarafu yangu. Mchele niliouweka kwenye kopo ili unyonye unyevu ulileta fukusi. Friji ilikausha vizuri, mpaka nilipoitoa sarafu ikatoka jasho. Vipakiti vya silika nilivyookota kwenye maboksi ya viatu, ambavyo punje zake za bluu zikishiba maji huwa za waridi na hurudi bluu zikikaushwa ovenini, mke wangu alivikuta kwenye trei ya maandazi.

Lakini yote haya nayastahimili. Nisiloweza ni kwamba sarafu hii imegongwa Tabora, kwenye ukavu wa bara, na ili dunia iitambue ilibidi niipeleke ng'ambo ikapewe namba. Iliporudi, bwana wa forodha aliiandika kuwa ni kito, nikalipia ushuru kitu cha hapa hapa. Nikaiandikia kampuni iliyoipima kuhusu vile vidoa. Wakajibu upesi, kwa adabu, kwamba dhamana haihusu mabadiliko yanayotokana na mazingira ya utunzaji, na kwamba sarafu ya shaba ihifadhiwe mahali pa baridi, pakavu, mbali na bahari. Nikawajibu kwamba mahali pa aina hiyo huku petu panaitwa safari ya basi. Wamenipa namba ya kumbukumbu na orodha ya bei za kusafishiwa, nauli ni juu yangu.