"City" Yabisha Hodi Yamumbi

Mwanafunzi wa Yamumbi, pembezoni mwa Eldoret, huandika daftarini kwamba "city" ni jiji na "town" ni mji. Tofauti ni ukubwa, anaambiwa. Basi na afunge kitabu.

Asifunge kwanza. Kwa Waingereza neno "city" ni cheo, na cheo hutoka kwa mfalme. St Davids kule Wales, yenye watu wasiofika 2,000, ni "city". Reading, yenye zaidi ya 150,000, imeomba ikanyimwa, ingali "town". Kenya nayo ilikuwa na sheria ya 2011 iliyodai wakazi 500,000 ili mji uitwe jiji. Mwaka 2019 kiwango kikashushwa hadi 250,000. Mtihani ukiwa mgumu, hupunguzwa alama za kupita. Tarehe 15 Agosti 2024 Rais Ruto akaikabidhi Eldoret hati yake, ikawa jiji la tano nchini.

Yamumbi mahindi yaliota vilevile, na ng'ombe hawakuulizwa maoni.

Anayepanda matatu asubuhi kwenda katikati ya jiji hilo bado husema anaenda "tao". Nalo "tao", kwa taarifa ya mwanafunzi wetu, ni "town" ile ile.