Nembo Mbalimbali, Sakafu Moja: Magari 7 ya Kifahari na Ndugu Zao

Nyumba njema si mlango. Wengi wetu tukiliona gari la kifahari huanza na nembo, tukaja kwenye rangi, tukamalizia na bei. Leo tunaanzia chini: sakafu, mahali injini inapokaa, ekseli na nyaya za umeme. Kuvibuni vitu hivyo upya na kuvijaribu kwa kuyagongesha magari ukutani hula fedha nyingi mno, ndiyo maana kampuni hutengeneza msingi mmoja na kuujengea magari kadhaa. Hakuna ubaya hapo. Ubaya ni mnunuzi kutojua analipia nini. Haya, tuhesabu, wa mwisho aanze!

7. Aston Martin Cygnet na Toyota iQ

Kampuni ya magari ya James Bond ilikichukua kigari cha Toyota kisichofika hata mita 3, ikakivalisha ngozi ndani na grili yake mbele, na mwaka 2011 ikakitia sokoni Uingereza kwa takriban pauni 30,000. Injini? Ile ile ya lita 1.3. Sheria za Ulaya hupima wastani wa moshi wa magari yote ya kampuni, na kigari hiki kilitakiwa kuushusha. Wateja wakakikwepa, na 2013 kikafutwa. Bond angeingia humo, adui angemkuta bado anatafuta pa kuweka magoti.

6. Cadillac Cimarron na Chevrolet Cavalier

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwaka 1981 General Motors ilitaka Cadillac dogo la kupambana na magari ya Ulaya, ikatumia msingi wa Cavalier na injini ya silinda 4 isiyo na haraka. Mnunuzi alitoa maelfu ya dola zaidi, kisha akasimama kwenye taa za barabarani kando ya Cavalier la jirani na kuona umbo lile lile. Jirani alikuwa na haki ya kutabasamu. Uzalishaji ulikoma 1988, na jina la Cadillac lilikwisha kuumia.

5. Mercedes-Benz X-Class na Nissan Navara

Pikapu hii ya Mercedes ilizinduliwa 2017 na kuunganishwa katika kiwanda cha Nissan, Barcelona. Ilikuwa imara, sina neno. Tatizo ni kwamba mbeba mawe hakuihitaji ile nyota kwenye grili, na mwenye kuitaka nyota hakuwa na mawe ya kubeba. Kufikia 2020 biashara ikafungwa.

4. Toyota Supra na BMW Z4

Moja lina paa, jingine linafunuka, na yote mawili yameunganishwa Graz, Austria, na kampuni ya Magna Steyr. Fungua boneti ya Supra la lita 3: injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja ni ya BMW. Mashabiki wa Toyota walinuna, mpaka walipokanyaga mafuta.

3. Bentley Continental GT na Volkswagen Phaeton

Phaeton lilitoka 2002, likaunganishwa Dresden katika kiwanda cha kuta za kioo. Mwaka uliofuata likaja Continental GT, ndugu yake wa damu. Yote mawili yalipata injini ya W12 ya lita 6, ila Bentley iliongezewa turbo mbili. Continental liliuzika vizuri. Phaeton likasuasua hadi 2016. Mwenye Phaeton alikuwa amekalia nusu ya Bentley, majirani wakadhani kanunua Passat kubwa. Kwangu mimi, hili ni gari lililoonewa.

2. Lamborghini Urus na ukoo mzima

Msingi wa MLB Evo wa kundi la Volkswagen umebeba Audi Q7 na Q8, Volkswagen Touareg, Porsche Cayenne, Bentley Bentayga na Lamborghini Urus. Touareg, Q7 na Cayenne yametoka kiwanda kimoja, Bratislava. V8 ya lita 4 yenye turbo mbili ilitoa nguvu farasi 550 kwenye Cayenne Turbo la 2017, na 650 kwenye Urus. Ukoo huu ukienda harusini, Touareg ndiye aliyebeba masufuria, na Urus ndiye anayefika amechelewa huku akipiga honi. Lakini hapa wahandisi wamefanya kazi: usukani, springi na programu za kompyuta zimetengwa hata kila gari likawa na tabia yake. Huku ndiko kushirikiana kwa heshima.

1. Lexus na Toyota

Hapa tumefika kwetu. Harrier la kwanza lilizinduliwa Japani Desemba 1997; mwaka uliofuata gari lile lile likauzwa Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Japani kwenyewe nembo ya Lexus haikuuzwa hadi 2005, kwa hiyo magari yaliyoshushwa Mombasa na Dar es Salaam yalikuja na nembo ya ndege kwenye grili. Harrier ndilo "tako la nyani" la mitaa ya Dar. Cheka utakavyo, Wamarekani walilinunua kama anasa! Toleo la 2003 nalo ni RX. Mwaka 2013 Harrier likashika njia yake.

Kisha mashangingi. Lexus LX 570 limejengwa juu ya Land Cruiser 200, lile tunaloliita V8; LX 600 juu ya Land Cruiser 300; GX 460 juu ya Prado 150. Mwombe fundi akuoneshe boksi la kipuri: namba nyingi zinalingana tarakimu kwa tarakimu. Si zote, lakini. LX 570 lina mfumo wa haidroliki wa kuinua na kushusha gari, na ukianza kuvuja, bei yake haikaribiani na ya shokapu za kawaida.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kulipa uliza maswali matatu: chini kuna gari gani, vipuri gani vinaingiliana, na nembo peke yake inaniongezea shilingi ngapi? Muuzaji anayekasirishwa na maswali hayo, mwachie gari lake.