Kikokotoo Kisichozeeka

Marekani, nchi inayobadilisha simu kama soksi, ina kifaa kimoja kilichogoma kustaafu: kikokotoo cha kuchora grafu, TI-84 Plus. Kiliingia sokoni mwaka 2004, kioo chake nukta 96 kwa 64, kichakataji chake cha ukoo wa Z80, uliozaliwa 1976. Bei? Imezunguka dola 100 na zaidi miaka yote hii. Kompyuta zimeshuka bei. Huyu mzee hajasikia habari hizo.

Siri yake wala si hisabati. Vitabu vya shule vilichapa maelekezo ya vitufe vyake, walimu wakavizoea, na mitihani ikakikaribisha huku simu, yenye nguvu maradufu kwa maradufu, ikiachwa mlangoni. Mzazi akatoa pochi. Mwanafunzi naye hakulaza damu: mwalimu akigeukia ubao, parabola inageuka mchezo wa nyoka.

Kisha SAT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo kikuu, ukahamia kwenye kompyuta. Tangu 2024 watahiniwa wa Marekani wanakuta Desmos, kikokotoo cha grafu kisicholipiwa hata senti, humo humo ndani ya mtihani. TI-84 bado inaruhusiwa. Na dukani bado ipo, kwa bei ya heshima.